Minara Miwili ya Beit al-Ajaib

Mwanzoni mwa karne ya 20, wapiga picha wa Kigoa wenye studio Mji Mkongwe wa Unguja, A. C. Gomes akiwa miongoni mwa wanaojulikana zaidi, waliuza kadi za posta zenye picha ya jumba la Beit al-Ajaib. Kadi nyingi hazina mwaka. Anayetaka kujua picha ilipigwa lini aanze na mnara.

Jumba hilo lilijengwa na Sultani Barghash bin Said mwaka 1883, kwa ajili ya sherehe na mapokezi. Barghash alikuwa amewahi kuishi uhamishoni Bombay, na mwaka 1875 alizuru London. Kuta ni za mawe ya matumbawe, kama za majirani. Lakini katika nyumba za kawaida za mji, urefu wa boriti za mikoko ndio ulioamua upana wa chumba. Hapa roshani pana ziliegemea nguzo ndefu za chuma, zikalizunguka jumba ghorofa baada ya ghorofa, na kwenye kadi ndizo zinazovuta jicho kwanza.

Katika picha za kale zaidi, mnara umesimama peke yake mbele ya jumba, karibu na bahari, ukiwa na taa ya kuongozea vyombo. Mnara huo haukudumu. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla, na Khalid bin Barghash akakitwaa kiti bila ridhaa ya Waingereza. Asubuhi ya tarehe 27, saa tatu, manowari zao zilifyatua mizinga. Haikufika saa nzima, na watu wapatao 500 upande wa Khalid walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Wengi huvitaja vita hivyo kwa ufupi wake tu. Mimi naona idadi hiyo ndiyo ya kutajwa kwanza.

Beit al-Ajaib lilipona kwa madhara madogo. Beit al-Hukm, jirani yake, liliharibika vibaya. Mnara wa pwani nao ulibomoka, na mnara mpya wa saa ukajengwa ukiwa umeungana na uso wa jumba. Kadi yenye mnara huu, basi, picha yake ni ya baada ya vita.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele iliporomoka, pamoja na mnara huo wa pili. Watu wawili walifariki.