Mvua Moja kwa Mwaka

(Muziki wa kipindi unashuka.)

Leo historia yetu ni ya shamba.

Kama ulitoka Kivu au Burundi, ulizoea mwaka wenye misimu miwili ya mvua. Warundi wana hata wa tatu, ule wa mabondeni wakati wa kiangazi. Hapa Malawi mvua ni moja: inaanza kama Novemba, inaisha Machi au Aprili, basi. Kwa hiyo sisi tulibadilishiwa majira siku tuliposhuka garini. Wenyeji wetu wameishi na mvua hiyo moja tangu mababu.

Zamani chakula kikuu cha huku kilikuwa mtama na ulezi. Mahindi yalitoka Amerika, yakafika pwani na Wareno, yakaingia bara polepole. Yalipendwa kwa sababu nzuri: yanazaa sana, na yamevaa maganda, kwa hiyo mtoto hashindi shambani akifukuza ndege. Lakini mtama ukikosa maji unaweza kujikunja ukangoja. Mahindi yakikaukiwa wakati wa kutoa maua, mvua ikirudi baadaye haisaidii kitu.

Mwaka 1949 ulionyesha hivyo. Mvua za msimu wa 1948/49 zilikatika, njaa ikaishika wilaya ya Blantyre, kusini. Mwanahistoria Megan Vaughan alipokwenda baadaye kuwauliza wazee, alikuta wanawake wameihifadhi njaa ile katika nyimbo za kutwanga, na nyimbo hizo ziliwalalamikia wanaume. Mwanamke mwenye mume wa kazi ya mshahara aliweza kupata chakula. Yule ambaye mume aliondoka asirudi, alihangaika na watoto. Ukame ulikuwa mmoja. Njaa haikugawiwa sawa.

Waingereza walikuwa na dawa yao: matuta. Kila mtu alime matuta yanayokata mteremko, maji yasibebe udongo, na asiyetii alitozwa faini au kufungwa. Watu waliziita amri hizo malimidwe, wakazichukia, na chuki ile ikaingia katika siasa za kudai uhuru, uliopatikana 1964. Lakini matuta yenyewe yalibaki. Toka nje ya kambi uangalie: shamba kwa shamba, matuta. Jambo lilikuwa zuri, ila lilikuja na fimbo. (Na fimbo hapa Dzaleka si ngeni, kabla ya wakimbizi kuletwa 1994, hapa palikuwa gereza walimofungwa wapinzani wa Rais Banda.)

Njia nyingine ilionekana Chitedze, kituo cha utafiti wa kilimo karibu na Lilongwe. Mbegu chotara za mwanzo zilizaa sana, lakini punje zake zilikuwa laini: wadudu walizitoboa ghalani, na kinuni unga ulikuwa mchache. Akina mama wengi hawakuzitaka. Mwaka 1990 Chitedze ikatoa MH17 na MH18, chotara zenye punje ngumu, na hizo zikapokelewa. Mimi naona hapo ndipo wataalamu walipofanya kazi yao vizuri, maana walianzia kwenye kinu cha mama.

Hata hivyo mbegu haileti mvua. Ukame ulirudi 1992. Machi 2024, kwa sababu ya El Niño, Rais Chakwera alitangaza hali ya maafa katika wilaya 23 kati ya 28.

Wakulima wanafanya nini sasa? Wengine wanafunga mifereji kati ya matuta kwa vizuizi vidogo vya udongo, maji yasimame yaingie ardhini. Wengine wanachanganya mahindi na mbaazi, au wanatunza msangu, mti unaoangusha majani wakati wa mvua: hauyafuniki mahindi kwa kivuli, na majani yake yanarutubisha udongo.

Sasa, wewe uliyekodi shamba la jirani kwa msimu mmoja, utapanda msangu? Unachukua miaka mingi. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi walioko mijini warudi kambini, na hata hapa kambini ardhi si yetu. Tunaambiwa tubadilike na hali ya hewa, lakini nusu ya mabadiliko hayo yanahitaji mtu anayejua atakuwa wapi mwaka kesho.

Vizuizi vya udongo vinawezekana hata kwa msimu mmoja. Ni jembe tu. Viazi vitamu vinawezekana, na mbegu za mahindi yanayokomaa mapema. Dimba, yaani bustani ya bondeni, Mrundi hahitaji kufundishwa. Mbaazi ndizo zenye shida: mahindi yakishavunwa zenyewe bado zimesimama, muda wako wa kukodi umekwisha, na mbuzi wa kijiji wanafunguliwa. Hilo zungumza na mwenye shamba mapema, Agosti au Septemba, kabla hujatoa kwacha hata moja: mbaazi zitabaki mpaka lini, na nani atazuia mbuzi. Mkikubaliana, yaandikeni, na shahidi awepo.

(Muziki unapanda.)