Mnara wa Thanjavur na Maandishi ya Msingini

Ukifika Thanjavur, kusini mwa India, hutakosa mtu wa kukusimulia mambo mawili kuhusu mnara wa hekalu la Brihadisvara: kwamba kivuli chake hakifiki chini, na kwamba kileleni pana jiwe moja la tani 80 lililokokotwa na tembo juu ya tuta la kilomita kadhaa. La kivuli ni porojo. Njoo jioni ukione. Na kuba la kileleni limeungwa kwa vipande.

Mnara huu hauhitaji kutiwa chumvi. Mfalme Rajaraja wa Kwanza, wa ukoo wa Chola, aliukamilisha mwaka 1010. Unakwenda juu takribani mita 60, na ni wa granaiti, jiwe gumu linalomaliza patasi. Thanjavur yenyewe imo katika bonde la mto Kaveri, nchi ya tope na mpunga, kwa hiyo mawe yalitolewa mbali. Ndani mnara ni mtupu. Waashi walisogeza kila safu ya mawe ndani kidogo kupita ile ya chini yake, hadi pande nne zikakaribiana kule juu. Chini kabisa ndipo ilipo lingamu, alama ya mungu Shiva, katika chumba kilichozungushiwa kuta mbili zenye ujia katikati.

Katika ujia wa ghorofa ya juu, mafundi walianza kuchonga mikao 108 ya ngoma. Waliishia 81, mawe yaliyosalia hayajaguswa na patasi. Hakuna aliyeandika kwa nini, na hilo linashangaza kwa watu waliopenda kuandika namna ile. Maana msingi wa hekalu umejaa Kitamil: dhahabu na vito vya mfalme, zawadi za dada yake Kundavai, wachezaji ngoma wa kike 400 kwa majina, pamoja na nyumba na mpunga waliopangiwa. Hata fundi mkuu, Kunjaramallan, ametajwa. Majumba mangapi ya wafalme yanamtaja fundi?

Pamoja na hayo, wenyeji walifika mahali pa kumsahau mjenzi, hekalu likahesabiwa kuwa la mfalme mwingine. Mwishoni mwa karne ya 19 Mjerumani Eugen Hultzsch aliyasoma maandishi hayo, na Rajaraja akarudishiwa hekalu lake. Ukienda Thanjavur, basi, anza na msingi. Kilele utakiona tu.