Ruhusa ya Kuangalizia: Uchoraji wa Pamoja na Watoto wa Igogo

Maandiko ya miradi inayompeleka msanii akae shuleni kwa wiki kadhaa, achore pamoja na wanafunzi wa msingi, huwa na sharti moja ambalo halijadiliwi: kila mtoto atoe kilicho chake, asiangalizie kwa jirani. Ninadai kwamba sharti hilo, likipelekwa Igogo, jijini Mwanza, litauvuruga mchoro wa pamoja tangu siku ya kwanza.

Asili yake inajulikana. Margaret Trowell, aliyeasisi mafunzo ya sanaa Makerere mwaka 1937, aliwasimulia wanafunzi visa na kuwaachia wachore walichokiona akilini mwao. Mwanafunzi wake Elimo Njau wa Marangu, aliyechora kuta za kanisa la Murang'a mwaka 1959 na kushiriki kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, aliupinga unakili kwa ukali zaidi. Walikuwa na sababu nzuri: shule ya kikoloni ilimtaka Mwafrika aige Ulaya. Lakini walichokataa ni kumwiga mkubwa aliye mbali. Warithi wao wamekigeuza kuwa marufuku ya mtoto kumtazama mwenzake wa dawati moja, na hapo ndipo tunapoachana. Watafiti Brent na Marjorie Wilson walikwisha kueleza mwaka 1977 kwamba watoto hujifunza kuchora kutokana na picha za wengine. Hoja hiyo haijavunjwa. Inapitwa kimya tu.

Mtoto wa Igogo, kwa vyovyote, hakui mbele ya kuta tupu. Nyumba zimepanda mlima katikati ya majabali, na upande wa ziwani kuna reli na Bandari ya Mwanza Kusini. Njiani kuna vichwa vilivyonyolewa kwenye kibao cha kinyozi, na maandishi ya rangi nyuma ya bajaji. Ukutani shuleni, kama katika shule nyingi nchini, fundi rangi huchora ramani ya Tanzania: kwanza miraba ya penseli, kisha mipaka, kisha ziwa kwa buluu. Mtoto huifuatisha kwa kidole mpaka mkono uizoee. Msanii anayemwambia asahau yote hayo ili awe huru anamnyang'anya zana.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi, hata hivyo, uko Usukumani kwenyewe. Mwaka 1953 Hans Cory, mtaalamu wa jamii aliyeajiriwa na serikali ya Tanganyika, alichapisha jijini London kitabu kuhusu michoro ya ukutani ya Bayeye, chama cha wacheza na nyoka. Michoro hiyo ilikuwa ndani ya nyumba za chama, nayo haikuwa pambo. Ilitumika kumfundishia mwanachama mpya. Ninavyousoma ushahidi huo, mchoro wa aina hii ni mali ya chama kabla ya kuwa mali ya mkono uliouchora. Umbo linalobadilishwa ovyo halifundishi. Tena ukuta wa udongo haudumu: mvua ikiubomoa, picha itabaki tu iwapo yupo anayeweza kuirudia. Kwa hiyo kuangalizia hakukuwa uvivu. Ndiko kulikoihifadhi picha.

Nitaambiwa Bayeye walikuwa watu wazima wenye siri zao. Ni kweli, wala sipendekezi mwanafunzi wa darasa la tatu aapishwe. Ninachoazima ni utaratibu wa kurudia. Wengine watataja Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968; alipouawa mwaka 1972, wafuasi wake wakaendeleza mtindo, na leo twiga ni yule yule kila kibanda cha watalii. Lakini twiga huyo amegandishwa na soko, wakati kina January Linda na Simon Mpata walizaliwa kisanaa kwa kumtazama mkubwa wao akichora. Shule haina mteja, ingawa mfadhili anayesubiri picha za ripoti naye ni mteja wa aina yake.

Kwa hiyo msanii aanze na mtumbwi mmoja. Mtoto wa kwanza auchore, wa pili aurudie pembeni, wa tatu aurudie huku akiongeza tanga kwa sababu nafasi ya juu imebaki. Tofauti hujitokeza ndani ya marudio hayo, na hakuna aliyeamriwa kuwa mbunifu.

Kikwazo kikubwa kinaweza kuwa tathmini. Mtaala mpya, ulioanza kutekelezwa Januari 2024, umelipa somo la Sanaa na Michezo nafasi yake katika elimu ya msingi. Alama zikibaki za mtoto mmoja mmoja, mwalimu atalazimika kuukata ukuta vipande, kila jina na mraba wake, na huo si mchoro wa pamoja tena. Kikundi kipewe alama moja. Ukuta upakwe chokaa kila mwaka, darasa linalofuata liuchore upya kwa kuwauliza waliotangulia. Msanii naye apimwe mwaka wa pili, akiwa hayupo: je, darasa hilo linalofuata limeweza kuurudia bila yeye?