Redio Kaseti ya Baba na Mwendo wa Sauti ya Bibi

Wasomaji wangu wamezoea kunikuta nikijadili katiba, bajeti na mwenendo wa vyama. Leo nawaletea habari ya mashine. Ni kirekodia cha National, bapa, chenye mpini wa kubebea na spika upande mmoja, kinachotumia betri 4 za ukubwa wa kati. Marehemu baba yangu alikinunua Kasulu mwaka 1986, na kwa zaidi ya miaka 20 kilikaa juu ya dari ya nyumba yetu huko Kitahana, wilayani Kibondo, kikiwa makazi ya mende. Miaka 2 iliyopita nilikishusha nikaanza kukifufua jioni baada ya vipindi vya chuo. Jamaa zangu waliona ni mchezo wa mtu mzima asiye na mifugo. Mwanzoni ulikuwa mchezo kweli.

Tarehe ya ununuzi huo inastahili kutazamwa. Kirekodia kisingaliweza kufika nyumbani kwetu miaka mitatu kabla. Baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, nchi iliishiwa fedha za kigeni, na mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi, ambapo watu wenye bidhaa nyingi kuliko zilizotarajiwa walizitupa mitoni na vichakani usiku kwa hofu ya kupekuliwa. Mwaka 1984 serikali ilianza kuwaruhusu watu wenye fedha zao nje kuingiza bidhaa, na mwaka uliofuata Mzee Mwinyi akashika Urais. Ndipo redio kaseti zilipoanza kuonekana katika masoko ya Kigoma, Kasulu na Kibondo. Betri zilikuwepo tangu zamani, maana kampuni ya Matsushita ilikuwa na kiwanda chake Dar es Salaam tangu mwaka 1966, ingawa kuwepo kiwandani na kuwepo dukani Kibondo ni mambo mawili tofauti. Tulizianika juani zilipochoka. Naomba msomaji aikumbuke habari hiyo ya kuanika betri, kwa sababu nitairudia.

Baba alikuwa katibu wa tawi la chama, kwanza TANU na baadaye CCM. Alinunua mashine ili asikilize hotuba, lakini kaseti ya kwanza aliyoirekodi mwenyewe ni ya mama yake, yaani bibi yangu, akisimulia maisha yake kwa Kiha. Kaseti hiyo ya dakika 60 ndiyo rekodi pekee ya sauti yake. Kwa wakati ule jambo hilo lilikuwa na uzito ambao vijana wa leo hawawezi kuukisia kwa urahisi. Radio Tanzania Dar es Salaam ilitangaza kwa Kiswahili, na Kiingereza kilikuwa na idhaa yake. Nyimbo za asili za makabila zilirekodiwa na kupigwa, lakini habari na mijadala ya lugha za makabila haikuwa na nafasi hewani. Nimekuwa nikiutetea uamuzi huo darasani kwa sababu ulitusaidia kujenga taifa, na bado nautetea. Gharama yake hata hivyo ni kwamba mtu wa Buha aliyetaka kusikia mzee akieleza jambo zito kwa Kiha kutoka kwenye spika, alipaswa kusubiri mpaka afike mtu mwenye kaseti tupu.

Bibi alihamishwa mara mbili katika maisha yake. Mara ya kwanza alikuwa mtoto, katika miaka ya 1930, pale serikali ya Mwingereza ilipoanza mwaka 1933 kuwakusanya Waha katika makazi maalumu kwa sababu ya malale. Familia nyingi ziliondolewa kwenye nyanda za mbung'o, zikapangwa pamoja, na ardhi waliyoiacha ikageuka pori. Mara ya pili ilikuwa wakati wa Operesheni Kigoma iliyoanza mwaka 1972 na kuingia ndani ya Operesheni Vijiji, baada ya Mwalimu kutamka mwezi Novemba 1973 kwamba kuishi katika vijiji ni amri. Vitabu vingi vya shule vimeiandika historia ya vijiji vya ujamaa kana kwamba ilianza na Azimio la Arusha mwaka 1967. Kwa mtu wa Kibondo au Kasulu aliyekuwa na miaka 50 wakati ule, lori la serikali lililokuja kubeba vyombo vyake lilikuwa la pili.

Kwa muda mrefu nilitumia kaseti hii kufundishia. Duka moja mjini lilininakilia kuwa faili la kompyuta, nami nikawa nawachezea wanafunzi dakika tatu za upande wa pili, pale Bibi anapofika kwenye asubuhi ya kuchomwa nyumba. Sauti ni nyembamba, inakwenda haraka, maneno yanakanyagana. Niliwaambia wanafunzi wangu, mwaka hata mwaka, kwamba hiyo ndiyo hasira ya mkulima mbele ya dola. Walinakili.

Sasa nirudi kwenye mashine. Ndani yake nilikuta mambo ambayo kila fundi redio anayajua. Mkanda wa mpira unaounganisha mota na gurudumu zito ulikuwa umeyeyuka kuwa kitu kama lami, kikashika kila kilichokigusa. Kapasita mbili zilikuwa zimevuja. Betri zilizosahauliwa ndani zilikuwa zimekula springi. Kichwa kinachosoma kaseti kilikuwa na utando wa kahawia, ambao ni vumbi la chuma lililobanduka kwenye kanda. Utando niliusafisha kwa spiriti na pamba. Mkanda wa mpira ulinitesa. Nilijaribu raba bendi, nikajaribu kipande kilichokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, na kila mara muziki uliyumba kama mlevi, kwa sababu mpira usiolingana unene huifanya kanda ikimbie na kuzubaa. Mwishowe fundi mmoja wa Kibondo, mzee aliyekuja na wakimbizi wa Burundi baada ya mauaji ya Rais Ndadaye mwaka 1993 na ambaye Kirundi chake na Kiha changu vinasikilizana bila mkalimani, alinishauri nitafute oringi ya pampu ya maji. Ilikaa kama iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Kwa nini kujisumbua, ilhali mashine nzima inayofanya kazi ingeweza kununuliwa kwa bei ndogo? Jibu ni la kiufundi, nalo kwa mwanahistoria ni tamu. Kanda ya kaseti ina upana wa milimita 3.81, na inapita mbele ya kichwa kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Mwendo huo ni uleule tangu Philips walipoonesha kaseti yao ya kwanza Berlin mwaka 1963. Kichwa kikiinama hata kidogo sana upande mmoja, sauti nyembamba hupotea. Lakini kanda iliyorekodiwa na kichwa kilichoinama husikika vizuri inapochezwa na kichwa kilichoinama vilevile. Kirekodia cha Baba ndicho kilichoiandika sauti ya Bibi, kwa hiyo hakuna mashine nyingine duniani inayoisoma kama hiyo. Nilijizuia kabisa kuigusa skrubu ya kichwa. Kaseti yenyewe ilikuwa imedondosha kile kipande cha sufi kinachoikandamiza kanda, nami nikaihamishia kanda yote kwenye ganda jipya lenye skrubu, nikiwa nimeshika pumzi.

Siku niliyoicheza nilisikia vitu ambavyo nakala ya duka ilivimeza. Jogoo. Mchi ukitwanga kwenye kinu. Na kengele ya shule, mara mbili: mara moja upande wa kwanza, ikiita mapumziko ya saa 4, na mara nyingine upande wa pili, ikiwarudisha watoto darasani. Kengele hiyo ni rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini na kugongwa kwa nondo. Nimesoma shule hiyo, na rimu ina ufa karibu na tundu lake ambao tuliuzoea kama pengo la mzee. Kwenye kaseti, kengele ya pili ililia kwa sauti ya juu kuliko ya kwanza. Rimu haibadiliki sauti ndani ya nusu saa. Kilichobadilika ni betri.

Betri zilizoanikwa juani huamka kwa muda mfupi, kisha huanguka. Mota inayokosa nguvu huizungusha kanda polepole wakati wa kurekodi, na kanda iliyorekodiwa polepole ikichezwa kwa mwendo wa kawaida, msemaji hugeuka mwenye haraka na sauti nyembamba. Nilikwenda shuleni nikairekodi rimu kwa simu, maana bado ipo na bado inagongwa. Ililingana na kengele ya kwanza. Ya pili ilikuwa juu kwa karibu asilimia 9. Nyuma ya mota ya kirekodia kuna tundu dogo lenye skrubu ya kurekebisha mwendo, nikaipunguza kidogo kidogo mpaka kengele ya pili ikashuka na kukaa sawa na rimu.

Kisha nikairudisha kanda kwenye ile asubuhi ya kuchomwa nyumba.

Bibi hana hasira. Anazungumza taratibu, sauti yake nzito kama nilivyoikumbuka utotoni, na kati ya sentensi na sentensi anapumua. Anazungumza na mwanawe kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Anataja malori, anataja kwamba mahindi yalikuwa bado shambani, anataja kwamba nyasi za paa zilikuwa kavu. Halafu anasema, "Walipofika, aliyekuwa mbele..." na hapo husikika mlio mfupi wa kanda, ule unaotokea kitufe cha kusimamisha kinapobonywa na kuachiwa. Katika nakala ya duka mlio huo haukusikika kabisa, sentensi zilionekana kuungana. Kabla ya mlio mchi unatwanga. Baada yake hakuna mchi, na Bibi anaeleza jinsi mihogo ilivyokataa kuota kwenye kiwanja kipya.

Wanahistoria tuna mazoea ya kuituhumu Dola kila tunapokuta kitu kimefutwa. Mimi mwenyewe nimeandika kurasa nyingi kuhusu faili zilizopotea. Safari hii kidole kilichobonya kilikuwa cha baba yangu, nyumbani kwake, mbele ya mama yake, na hakuna ofisa aliyemlazimisha.

Shangazi yangu, dada yake Baba, bado yupo Kitahana. Nilimpelekea kirekodia, si simu, kwa kuwa simu huwa anaisikiliza akiwa ameiweka mbali na sikio kama kitu kinachoweza kuuma. Akaisikiliza mpaka kwenye mlio, akainua mkono nizime.

"Huo mchi ni wangu," alisema.

"Kwa nini uliacha kutwanga, Shangazi?"

"Ili nisikie."

Nikamuuliza ni nani aliyekuwa mbele asubuhi ile. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, baba yako ndiye aliyeshika daftari. Nyumba zilisomwa moja moja kutoka kwenye daftari. Ya mama aliisoma kama zingine. Angeiruka, watu wangesemaje?"

Nimewafundisha wanafunzi wengi kuhusu makatibu wa matawi wa miaka ile, nikiwaita watekelezaji wa ngazi ya chini. Maneno hayo yamo katika muhtasari wa somo langu mpaka leo, na muhula ujao nitaanza kwa kuwaeleza kwamba zile dakika tatu nilizowachezea wenzao zilikuwa na kosa la asilimia 9.

Lilibaki swali moja. Nilitaka kujua Bibi alimwambia nini Baba wakati kanda imesimama.

"Hawakusema kitu," Shangazi alijibu. "Mama aliinuka akamchotea maji ya kunywa. Akanywa. Ndipo akawasha tena."