Ganda la Ndizi na Mlango Uliofungwa: Historia ya Wajibu wa Mwenye Duka kwa Usalama wa Mteja

Historia ya wajibu wa mwenye duka kwa mteja aumiaye haiwezi kutenganishwa na historia ya umbo la duka lenyewe. Katika miji ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki, kama Lamu, Mombasa na Unguja, duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba kilichofunguka njiani. Mwenye duka aliketi ndani kati ya magunia na makopo yake, naye mnunuzi alisimama nje au aliketi barazani, akataja haja yake na kupimiwa. Neno duka lenyewe lina asili ya Kiarabu, ambamo halikumaanisha mahali pa kuuzia tu bali pia jukwaa la kukalia. Maadamu mteja hakuvuka kizingiti, sakafu ya duka, ngazi zake na rundo la bidhaa zake zilikuwa hatari kwa mwenye duka na vibarua wake. Hatari iliyomkabili mteja ilikuwa ile iliyotoka dukani kumfuata njiani, kama vile mzigo ulioning'inizwa juu ya vichwa vya watu au shimo lililoachwa wazi mbele ya mlango.

Ndiyo maana sheria za zamani zilizogusa jambo hili zilizungumzia njia kuliko duka. Sheria ya Kirumi ilimpa mtu yeyote haki ya kumshtaki aliyeweka au kutundika kitu juu ya mahali wanapopita watu, ikiwa kitu hicho kingeweza kumdhuru mpita njia kwa kuanguka, na mshtaki hakutakiwa kungoja kianguke. Katika fiqhi ya Kiislamu, ambayo makadhi wa pwani waliitumia kwa karne nyingi, aliyechimba shimo katika njia ya watu wote bila idhini alibeba dhamana, yaani jukumu la kulipa hasara, kwa aliyetumbukia humo. Fikra hizi mbili zinastahili heshima kubwa kuliko zinayopewa katika vitabu vya sheria vya leo, kwa kuwa zilimtazama aliyeiweka hatari kabla ya kumuuliza aliyeumia kwa nini hakuangalia anapokanyaga.

Sheria ya mapokeo ya Kiingereza, yaani sheria ambayo haikutungwa na bunge bali ilijengwa na hukumu za majaji, ilianza upande wa pili: mdai, yaani aliyeumia, ndiye aliyepaswa kuthibitisha uzembe wa mdaiwa. Uzembe katika maana ya kisheria ni kukosa uangalifu ambao mtu mwenye busara ya kawaida angeuonyesha katika hali ileile. Sharti hilo lilikuwa gumu kwa mtu aliyeangukiwa na kitu ghafla na kuzinduka akiwa amelala chini. Mwaka 1863 mahakama ilisikiliza shauri la Byrne dhidi ya Boadle, la mpita njia wa Liverpool aliyeangukiwa na pipa la unga kutoka dirisha la juu la jengo la mfanyabiashara wa unga, pasipo shahidi aliyeweza kueleza pipa lilitokaje. Jaji Pollock aliona kwamba pipa haliwezi kubingirika kutoka ghalani pasipo mtu kuzembea, na kwamba si haki kumtaka aliyejeruhiwa alete mashahidi kutoka ndani ya ghala asilolijua. Miaka 2 baadaye, katika shauri la afisa wa forodha aliyeangukiwa na magunia ya sukari kwenye gati la London, kanuni hiyo ilipata umbo lake kamili: ikiwa chombo kilichosababisha ajali kilikuwa chini ya usimamizi wa mdaiwa, na ajali yenyewe ni ya aina ambayo kwa kawaida haitokei pale penye uangalifu, basi ajali inajieleza, na mdaiwa ndiye atakayetoa maelezo.

Sukari ilirudi tena mahakamani mwaka 1866. Fundi wa mitambo ya gesi alifika katika kiwanda cha kusafishia sukari kukagua kifaa kilichofungwa na mwajiri wake, akatumbukia katika shimo la kupandishia sukari ghorofani, ambalo ukingo wake ulikuwa sawa na sakafu na halikuwa na uzio. Katika hukumu ya shauri hilo, linalojulikana kama Indermaur dhidi ya Dames, Jaji Willes alieleza kwamba mtu aingiaye mahali kwa shughuli yenye manufaa kwa mwenye mahali, akiwa naye mwenyewe anachukua tahadhari ya kawaida, ana haki ya kutarajia alindwe kwa uangalifu wa kadiri dhidi ya hatari isiyo ya kawaida ambayo mwenye mahali anaijua au alipaswa kuijua. Fundi hakuwa mnunuzi, lakini maneno ya Willes yalimweka mnunuzi wa dukani katika kundi lake. Tangu hapo watu waliotia mguu katika jengo la mwingine waligawanywa katika madaraja matatu: mwalikwa, aliyekuja kwa manufaa ya mwenyeji, mwenye ruhusa tu, kama mgeni aliyekaribishwa chakula cha jioni, na mvamizi, aliyeingia bila idhini. Mteja wa duka alipewa daraja la juu, na sababu iliyotolewa ilikuwa ya kibiashara: mlango umefunguliwa ili yeye aingie, na faida hutokana na kuingia kwake.

Kifungu kizito katika kanuni ya Willes kilikuwa kile cha hatari ambayo mwenye mahali alipaswa kuijua. Mahakama za Marekani zilikipima kwa ganda la ndizi. Mwaka 1901 Mahakama Kuu ya Massachusetts, kwa hukumu fupi mno iliyoandikwa na Jaji Holmes, ilimnyima fidia abiria aliyeteleza juu ya ganda la ndizi kwenye jukwaa la reli, kwa hoja kwamba huenda lilitupwa dakika hiyohiyo na abiria mwingine. Mwaka 1911 mahakama hiyohiyo ilimpa ushindi abiria mwingine, kwa kuwa mashahidi walieleza ganda alilokanyaga kuwa jeusi, kavu, lililopondeka na kujaa vumbi, hivyo watumishi wa kituo walikuwa na muda wa kutosha kuliona na kuliondoa. Ingawa mashauri yote mawili yalihusu reli, kipimo chake kilihamia madukani na kimedumu humo hadi leo: kabla ya kumlaumu mwenye duka, mahakama huuliza uchafu ulikuwa umekaa sakafuni kwa muda gani. Kipimo hicho kina mantiki, ila kinamtwika aliyeanguka kazi isiyo ya haki, maana ni nani aliyevunjika nyonga atakayeinama kuchunguza rangi ya ganda?

Wakati majaji wakipima maganda, duka lilibadilika. Tarehe 6 Septemba 1916 Clarence Saunders alifungua mjini Memphis, Tennessee, duka la vyakula aliloliita Piggly Wiggly, ambamo mteja alipita kizuizi cha kuzunguka, akachukua kikapu, akafuata njia iliyopangwa kati ya shelfu, akajichagulia mwenyewe na kulipa mwishoni. Kaunta iliyomtenga mteja na bidhaa iliondoka, na pamoja nayo uliondoka ulinzi ambao hakuna aliyekuwa ameutambua kuwa ulinzi. Sasa mamia ya watu wasio na mafunzo walishika chupa, mayai na matunda kwa mikono yao, wakiyaangusha na kuyaacha, huku macho yao yakiwa juu kwenye shelfu zilizopangwa kwa makusudi ili ziyavute. Mwenye duka alipunguza gharama ya wahudumu kwa kumgeuza mteja kuwa mhudumu wake mwenyewe. Kudai kwamba chupa iliyovunjwa na mteja mmoja na kumtelezesha mwingine si jukumu la mwenye duka ni kuchukua faida ya mfumo na kuukataa mzigo wake.

Baadhi ya mahakama ziliikubali hoja hiyo waziwazi. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ya Colorado iliamua shauri la mnunuzi aliyeteleza juu ya kipande cha piza katika duka lililouza vipande hivyo juu ya karatasi ya nta kwa watu waliokula wakiwa wamesimama. Mahakama ilisema kwamba pale ambapo namna ya kuuza yenyewe huzalisha hatari kila siku, mdai halazimiki kuthibitisha kipande alichokanyaga kilianguka lini. Huko Uingereza shauri maarufu ni la Ward dhidi ya Tesco, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1976. Mnunuzi aliteleza juu ya mtindi uliomwagika katika supamaketi ya Smethwick mwezi Juni 1974. Duka lilieleza kwamba sakafu ilifagiwa mara 5 au 6 kwa siku na kwamba wafanyakazi waliagizwa kuondoa kila kilichomwagika, lakini halikuonyesha sakafu ilikaguliwa lini kabla ya mtu huyo kuanguka. Majaji wawili kati ya watatu walisema kwamba mtindi haumwagiki sakafuni na kubaki hapo pale ambapo utaratibu wa usafi unafuatwa, hivyo ni juu ya duka kuthibitisha kwamba liliufuata. Fidia ilikuwa pauni 137 na nusu, kiasi kidogo ukilinganisha na mabadiliko yaliyofuata: daftari la kupiga deki, lenye saa na sahihi ya aliyekagua, likawa ushahidi wa kwanza unaotafutwa katika kila shauri la aina hii.

Katikati ya mabadiliko hayo Bunge la Uingereza lilikuwa limeingilia kati. Mwaka 1951 baraza la juu la rufaa la nchi hiyo lilimnyima fidia fundi wa kuchomelea aliyeanguka kwenye jukwaa bovu, kwa sababu tu alijua kwamba jukwaa ni bovu, na uamuzi huo ukalaumiwa sana. Sheria ya mwaka 1957 kuhusu wajibu wa wenye majengo ilifuta tofauti kati ya mwalikwa na mwenye ruhusa, ikaweka wajibu mmoja wa uangalifu kwa wageni wote halali, ikaagiza watoto watarajiwe kuwa na hadhari pungufu kuliko watu wazima, na ikatamka kwamba onyo peke yake halimwondolei mwenye jengo lawama ila kama linatosha kumfanya mgeni awe salama. Kwa maneno mengine, kibao cha njano kinachosema sakafu ina maji si msamaha, ikiwa mteja hana njia nyingine ya kupita. Mwaka 1966, katika shauri la Wheat dhidi ya Lacon, iliamuliwa pia kwamba mwenye wajibu ni yule mwenye mamlaka juu ya mahali, na kwamba mamlaka hayo yanaweza kuwa mikononi mwa watu zaidi ya mmoja kwa wakati uleule.

Hatari kubwa kuliko zote haikutoka sakafuni. Tarehe 1 Agosti 2004 moto ulizuka katika supamaketi ya Ycuá Bolaños mjini Asunción, Paraguay, na milango ikafungwa ili wanunuzi wasitoke na bidhaa bila kulipa. Watu zaidi ya 300 walikufa. Mwaka 2008 mwenye duka alihukumiwa kifungo cha miaka 12 na mwanawe miaka 10, na hapo wajibu wa mwenye duka ulitoka katika fidia ukaingia katika jinai. Tarehe 28 Januari 2009 moto uliteketeza supamaketi katikati ya Nairobi na kuua watu wasiopungua 25, na suala la milango ya kutokea likawa kiini cha mjadala nchini Kenya.

Sheria ya Kiingereza ilifika Afrika Mashariki kwa tarehe. Kila nchi iliyotawaliwa na Uingereza iliwekewa siku maalumu, na sheria ya Kiingereza kama ilivyokuwa siku hiyo ndiyo iliyopokewa: tarehe 12 Agosti 1897 kwa Kenya, na tarehe 22 Julai 1920 kwa Tanganyika. Kenya ilijiongezea, mwanzoni mwa miaka ya 1960, sheria yake ya wajibu wa wenye majengo, ambayo ni Sura ya 34 na ilifuata mfano wa ile ya 1957. Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika ibara ya 46, ikampa mlaji haki ya kulindwa afya na usalama wake. Tanzania Bara haikuchukua njia hiyo, na kwa kuwa sheria ya 1957 ilitungwa baada ya tarehe ya mapokeo, msingi wa daawa ya mteja umebaki ile kanuni ya Willes pamoja na hukumu zilizojengwa juu yake. Ni kweli kwamba sheria za usalama na afya mahali pa kazi, ya Tanzania ya mwaka 2003 na ya Kenya ya mwaka 2007, zinawalinda pia watu wasio wafanyakazi, wateja wakiwamo, lakini hizo ni sheria za ukaguzi na adhabu, na hazikutungwa kwa ajili ya mtu anayedai gharama za matibabu na mshahara aliokosa.

Upungufu huo unaonekana zaidi katika maduka ya Kariakoo, ambako jengo moja lina mwenye nyumba, wapangaji wa fremu kadhaa na wachuuzi waliopanga bidhaa ngazini kwa idhini ya mmoja wao. Jengo la ghorofa lenye maduka lilipoporomoka huko tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20, swali la nani alikuwa na mamlaka juu ya nini halikuwa swali la vitabuni tena. Kanuni ya 1966 ingeweza kulijibu kwa kuwagawia wote wajibu kwa kadiri ya mamlaka yao, lakini jambo zito kiasi hicho halipaswi kutegemea hukumu ya kuazima kuhusu jengo la Uingereza, na Bunge la Tanzania linawiwa na wateja sheria iliyo wazi. Kwa sasa, katika Kenya na Tanzania kwa pamoja, aliyeumia dukani kwa uzembe wa mwingine ana miaka 3 ya kufungua daawa.