Baridi Yabisi

Bibi yangu amekalia mbuzi ya kukunia nazi kwa zaidi ya miaka hamsini, na goti lake la kulia linakumbuka kila nazi. Ukimwuliza anaumwa na nini, atakwambia, "Nina baridi yabisi, mjukuu wangu." Mimi nilidhani ni jina la wazee tu. Halafu nikaacha chuo, nikarudi Msambweni, na kwa kuwa muda ulikuwa mwingi kuliko pesa, nikaanza kulichimba.

Yabisi ni Kiarabu: kavu. Baridi na kavu. Hilo si jina la maumivu, ni hukumu ya daktari, na daktari mwenyewe ni wa zamani sana. Galen, Mgiriki wa karne ya 2, alifundisha kwamba mwili unaendeshwa na joto, baridi, unyevu na ukavu. Ibn Sina akayapanga hayo katika Qanun, aliyoimaliza mwaka 1025, na elimu hiyo ikasafiri na vyombo vya pwani mpaka ikafika jikoni kwetu. Ndiyo maana hadi leo utasikia chakula hiki ni cha moto, kile ni cha baridi, hata kama vyote vimetoka kwenye sufuria moja.

Sasa vuka bahari. Wahindi wa Ayurveda wana vata, yaani upepo, na sifa zake ni zipi? Baridi na ukavu. Goti bovu wanaliita sandhigatavata, upepo ulioingia kwenye viungo. Dawa yake ni kinyume chake: joto na mafuta. Wanapasha mafuta ya ufuta, wanachua. Bibi naye hupasha mafuta ya ufuta, hutia tangawizi, hujichua. Hajawahi kusikia neno Ayurveda. Kilomita chache kutoka kwake, hoteli za Diani zinawauzia watalii kitu hichohicho, ila huko kuna taulo nyeupe na muziki wa filimbi.

Hospitali wana hadithi nyingine. Picha ya eksirei ilionyesha nafasi kati ya mifupa imebana, gegedu limelika. Daktari alisema mambo matatu: mazoezi ya misuli ya paja, kupunguza uzito, na vidonge vya maumivu kwa muda mfupi. Sisi tulisikia la tatu tu, na "muda mfupi" hatukuusikia. Diklofenaki, dawa iliyoingia sokoni miaka ya 1970, inapatikana kwa urahisi mno. Bibi aliimeza miezi minane, mpaka siku alipotapika damu. Alikuwa na kidonda cha tumbo. Mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa kuvinunua.

Baada ya hapo mjomba akaja na kopo kutoka Mombasa. "Hii ni ya mimea, haina madhara." Halikuwa na orodha ya vilivyomo.

Ningependa kusema mjomba alikosea kabisa, lakini mambo si mepesi hivyo. Ubani wa Kihindi, ndugu wa huu tunaofukiza, umepimwa, na mapitio ya Cochrane ya mwaka 2014 yaliona unapunguza maumivu ya viungo, japo kidogo. Mwaka 2013 watafiti wa India walichapisha jaribio la watu 440 wenye magoti mabovu, wiki 24: michanganyiko ya Ayurveda ilikaribiana na selekoksibu, dawa ya hospitali. Nilifurahi, kisha nikasoma mbele. Baadhi ya waliotumia mimea vipimo vyao vya ini vilipanda. Na mwaka 2008 watafiti wa Marekani walinunua dawa za Ayurveda mtandaoni wakazipima: moja kati ya tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki.

Nilimsomea bibi yote hayo kwa Kiswahili changu cha kutafsiri. Akanisikiliza, akauliza swali moja: "Na mafuta yangu?" Nikamwambia mafuta yake hayana neno.

Kopo liko juu ya kabati, halijafunguliwa, na mjomba amenuna. Nazi nakuna mimi. Asubuhi bibi hukaa kwenye kiti cha plastiki barazani, hunyoosha mguu, huuinua na kuushusha mara kumi, akihesabu kwa Kidigo. Akifika saba huanza kudanganya.