Gari Kuukuu la Isiolo

Mtu aliyepita Isiolo kabla ya lami kuendelea kaskazini hawezi kupasahau mahali pale ambapo barabara nzuri ilikoma na vumbi likaanza. Kwa miaka mingi mji huu uliitwa lango la Kaskazini, na jina hilo halikuwa la sifa tupu. Sheria ya mwaka 1902 iliipa serikali ya kikoloni uwezo wa kuzifunga wilaya za pembezoni, na ile ya mwaka 1934 ikazidi kuyakaza masharti. Hata msafiri aliyetaka kuvuka kizuizi sharti awe na cheti cha ruhusa. Mifugo nayo ilizuiwa Isiolo ikaangaliwa magonjwa kabla ya kupelekwa sokoni. Upande wa pili wa kizuizi ilikuwa nchi ya ngamia, ya mito ya mchanga na mawe meusi ya volkano, na Moyale ilikuwa mbali, mwendo wa kilomita zipatazo 500.

Katika nchi kama hiyo gari la kawaida halikufaa. Ndipo ilipokuja Land Rover, na hapana budi tueleze asili yake, maana umbo la chombo huonyesha shida za wakati kilipotengenezwa. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa chuma. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa akitumia shambani kwake gari la Jeep lililobaki baada ya vita, akaona kwamba kampuni yake yaweza kuunda la kwake. Gari hilo likaonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, Uholanzi, mwezi wa Aprili 1948. Kwa kuwa chuma kilikuwa adimu, sehemu kubwa ya bodi ilifanywa kwa mchanganyiko wa aluminiamu, nayo haishiki kutu kama chuma. Lakini chesisi, yaani ule mgongo unaobeba kila kitu, ilibaki ya chuma, na vivyo hivyo ukuta uliotenga injini na dereva.

Si muda mrefu magari haya yakaenea Afrika Mashariki. Polisi waliyatumia, na maafisa wa wilaya, madaktari, wamisionari na walinzi wa wanyama pia. George Adamson, bwana nyama aliyefanya kazi Isiolo, alisafiri kwayo nyikani. Na yule simba jike Elsa, aliyelelewa na Adamson na mkewe Joy tangu mwaka 1956, alizoea kupanda juu ya paa la Land Rover kama paka apandavyo juu ya kabati.

Nyumbani kwetu Isiolo lipo gari moja la namna hiyo. Marehemu baba alilinunua kuukuu mnadani, kabla mimi sijazaliwa. Alipofariki dunia, gari lilikaa chini ya mgunga miaka sita, kuku wakitaga ndani yake. Mwaka huo wa sita akaja mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Ndugu zangu wakataka kuuza. Mimi nikataka kulitengeneza. Tukaenda kwa shangazi, dada yake baba, maana ndiye mkubwa wetu, na neno lake ndilo la mwisho.

Shangazi alisema, "Liuzeni. Mimi gari lile sikulipenda hata siku moja, ila kwa ajili ya baba yenu nilinyamaza."

Nilishangaa sana. Gari lile ndilo lililochukua mahindi vijijini wakati wa ukame wa mwaka 1984. Wanawake wangapi walipelekwa hospitali kujifungua kwa gari lile, usiku, katika barabara iliyojaa makorongo! Nikamwomba shangazi anipe siku chache za kulichunguza gari kabla hatujaamua. Akakubali, lakini hakunieleza sababu ya chuki yake.

Nikaanza kazi pamoja na fundi mmoja wa jua kali, mzee mpole mwenye macho makali. Kwanza tulitafuta umri wa gari. Cheti chake kilikuwa kimeliwa na mchwa, lakini chombo chenyewe kilisema. Taa zake mbili za mbele zilikaribiana, zikiwa katikati penye wavu, wala hazikuwa pembeni juu ya mabawa. Magari yaliyotengenezwa kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 yana taa pembeni. Basi tukajua kwamba gari letu ni la kabla ya hapo. Hivyo ndivyo mwanahistoria afanyavyo: asipopata maandishi, huuliza vitu.

Kisha fundi akachukua nyundo ndogo akaanza kuigonga chesisi, tangu mbele hata nyuma. Akaniambia nisikilize. Chuma kizima kililia kama kengele. Kilichooza kilitoa sauti ya kibuyu kilichopasuka. Mahali pengine kwa macho palionekana pazuri, pana rangi laini, lakini nyundo ikapenya. Kumbe fundi wa zamani alikuwa ameziba tundu kwa puti, akapaka rangi juu, na kutu ikaendelea kula chini kwa chini. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Yafaa tuelewe kutu ni kitu gani. Chuma kikipata maji na hewa pamoja, huungana na oksijeni na kugeuka kuwa unga mwekundu usio na nguvu. Chumvi huharakisha jambo hilo, na vumbi la nchi kavu kama Chalbi lina chumvi nyingi. Watu hudhani ya kuwa gari la jangwani halipati kutu. Ni kweli kwamba hewa kavu huhifadhi chuma. Lakini chesisi ya Land Rover ina uwazi ndani kama bomba. Gari likivuka mto, tope huingia kwa matundu madogo, likatulia ndani na kuushika unyevu siku nyingi baada ya nchi yote kukauka. Kwa hiyo chuma huoza toka ndani kuja nje, na mwenye gari huona dalili ya kwanza wakati ugonjwa umekwisha komaa.

Siku ya tatu tulikuwa tukiipiga msasa milango. Chini ya rangi nyeupe ya baba tuliona buluu, na chini ya buluu kijani kilichokolea. Shangazi alikuwa akipita na fimbo yake. Akasimama. Akautazama mlango kwa muda mrefu, kisha akaketi juu ya gurudumu lililolazwa chini, akasema.

Alisema juu ya siku ambazo Waborana huziita Gaafa Dhaaba, yaani wakati wa kusimamishwa. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na kabla ya mwezi huo kwisha hali ya hatari ilitangazwa Kaskazini Mashariki. Vikafuata vita vilivyoitwa vya Shifta, kati ya serikali na wale waliotaka eneo hilo liungane na Somalia. Mwaka 1966 wafugaji wengi wa wilaya ya Isiolo walikusanywa kwa lazima katika vijiji vya ulinzi, mathalan Garba Tulla na Merti. Mfugaji asiyeruhusiwa kufuata malisho hana mali. Mifugo mingi ikafa, mingine ikauawa, na jamaa zilizokuwa na mamia ya ng'ombe na ngamia zikawa maskini. Mapatano ya Kenya na Somalia yalifanywa Arusha mwezi wa Oktoba 1967, lakini ng'ombe waliokufa hawakurudi.

"Nilikuwa msichana," alisema shangazi. "Magari ya rangi hii yalikuja alfajiri. Baba yetu aliingia kijijini Garba Tulla akiwa na ngamia arobaini. Alitoka na fimbo yake. Sasa wewe mwalimu, wataka kulipamba gari hili wanafunzi wako waje kulisifu?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nilifikiri sana. Nilipata hata kishawishi cha kuwaambia watu kwamba gari letu lilikuwa Garba Tulla mwaka ule, hadithi ingenoga. Lakini kweli ni kwamba sina ushahidi. Rangi ya kijani ilipakwa juu ya magari mengi, na mengi kati ya hayo hayakubeba askari kamwe. Ninaloweza kusema ni hili tu: gari ni la miaka ile, na shangazi aliyaona yaliyofanana nalo. Mwanahistoria aongezaye asilolijua ni sawa na fundi atiaye puti juu ya tundu.

Asubuhi nilimwendea shangazi nikamwambia, "Shangazi, tukiliuza, litayeyushwa, na hakuna mtoto atakayeuliza habari za siku zile. Likibaki, nitawaeleza yote: mahindi ya mwaka 1984, na wagonjwa, na Garba Tulla."

Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Ukisema yote, litengeneze. Ukibakiza nusu, mimi mwenyewe nitamwita mwenye mizani."

Basi tukatengeneza. Tulitoa betri, kisha tukaliondoa tangi la petroli lililo chini ya kiti na kulipeleka mbali, maana cheche ya kuchomelea na mvuke wa petroli ni mauti. Tuliliinua gari kwa jeki, tukaliegemeza juu ya magogo imara. Mtu mwenye akili haingii chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Chuma kilichooza tulikikata, wala hatukuishia penye tundu, bali tuliendelea hata tukafikia chuma kinachong'aa pande zote. Hapo ndipo tulipochomelea viraka vya chuma cha unene ule ule. Tukapaka rangi ya zinki, ambayo huliwa kwanza badala ya chuma, na ndani ya chesisi tukamimina oili nzito. Mahali ambapo aluminiamu hugusana na chuma tuliweka vipande vya mpira, kwa maana metali mbili tofauti zikikutana penye unyevu, moja huila nyingine. Kazi ilichukua likizo tatu. Mshahara wa mwalimu haukuruhusu kwenda upesi zaidi, na haraka haraka haina baraka.

Mlango mmoja hatukuupaka rangi mpya. Shangazi ndiye aliyetaka hivyo. Nyeupe, buluu na kijani zote zaonekana, na wanafunzi wanapouuliza, huelezwa.

Leo lami inatoka Isiolo hata Moyale. Ilikuwa imekwisha fika huko mwaka 2017. Kiwanda cha Solihull nchini Uingereza kiliunda gari la mwisho la ukoo ule wa zamani mwezi wa Januari 2016. Dereva wa lori akinywa chai yake Isiolo asubuhi, aweza kufika mpakani kabla ya usiku, bila kuuliza habari ya mto wala tope. Hayo ni mema, na hakuna atamaniye kurudi nyuma. Lakini ninyi vijana mkikuta nyumbani kwenu chombo kikuukuu, kiwe gari, cherehani au bunduki isiyolia tena, msikimbilie kukiuza kwa ratili, wala msikimbilie kukipaka rangi. Kigongeni kwanza, msikilize. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa uliofunikwa kwa rangi haujazibwa. Kateni mpaka mwone chuma kinachong'aa, ndipo mwanze kutengeneza.